Nilivyosamehewa kwa Spika

Jumamosi, 10 Oktoba

Nimesamehewa. Mimi! Bila kuomba, bila kukosa, bila hata kupewa taarifa. Na kwa spika.

Niandike kwa utaratibu kabla sijapasuka. Leo yalikuwa mazishi ya shangazi yake mwalimu mkuu, uwanja wa shule. Viti mia tatu vya plastiki, vyangu. Maturubai saba, yangu. Mji wa Nkwantapon ukifiwa unakalia viti vya Boadu, hilo halina ubishi. Spika ni za Yaw Sintim. Ndivyo tulivyogawana misiba: mimi nawakalisha, yeye anawasikilizisha. Miaka ishirini na miwili tumefanya kazi hivyo, na kila jioni tumekaa kwenye ubao mmoja wa drafti nje ya duka lake. Mpaka wiki tatu zilizopita, alipoiambia kwaya nzima kwamba besi yangu inasikika kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi.

Kwaya ikacheka. Hata soprano! Nami nikasema spika zake zinakoroma kuliko marehemu walivyokoroma enzi za uhai wao. Tangu hapo hatusemezani. Hatuchezi.

Leo basi, katikati ya kutangaza wageni, jamaa kashika maiki, kakohoa, kasema: "Mbele ya Mungu na mbele ya wafiwa, mimi Yaw Sintim nimemsamehe ndugu yangu Kwaku Boadu. Kutoka moyoni."

Watu mia tatu wakageuka kunitazama, wamekaa kwenye viti vyangu mwenyewe. Akina mama wakapunga leso nyeupe. Bibi mmoja nisiyemjua kanigonga goti, kaniambia niende nikashukuru, nisiwe na moyo mgumu kama jiwe la kusagia pilipili. Aliyetukana ni yeye, aliyesamehewa ni mimi! Dunia imepinduka miguu juu.

Nimekula wali wa msiba bila kusikia ladha. Sahani zote mbili.

Jumapili, 11 Oktoba

Mchungaji Asiamah katangaza: kiti cha marehemu Mzee Frempong kitapata mtu Jumapili ijayo. Kiti cha mzee wa kanisa! Safu ya mbele, kushoto, chini ya feni. Nimekitamani kile kiti tangu nina nywele kichwani. Majina yaliyopendekezwa ni mawili. Boadu. Sintim.

Kisha kahubiri juu ya kusamehe bila kuhesabu. Kasema asiyepatana na mwenzake wiki hii, Jumapili atalifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Na katoa mfano wa Mkristo wa kweli aliyesamehe hadharani, tena msibani. Kanisa zima likamtazama Sintim. Sintim akatazama sakafu kwa unyenyekevu. Ule unyenyekevu wake una kelele kuliko spika zake.

Nimepiga hesabu. Yeye kasamehe mara moja. Mimi sijasamehe hata mara moja. Dawa ni kumpita.

Serwaa, mke wangu, kauliza kwa nini nisiende tu nikamwambie Sintim yaishe. Kasema amechoka kuniona nikicheza drafti peke yangu halafu nikagombana. Nimemweleza kwamba mkono wangu wa kushoto unaiba kete. Kaniangalia sana, halafu kaenda kulala.

Jumatatu, 12 Oktoba

Leo sikutoka nyumbani. Nimeandika maovu yote ya Sintim tangu tulipokuwa darasa la pili, ili niyasamehe moja moja. Nimepata arobaini na moja! Kumbe nimeishi na simba. La saba: alikunywa maji kwenye kikombe changu, akarudisha kikombe bila maji. La kumi na mbili: siku ya harusi yangu suruali ilipochanika nyuma, aliniambia tulipokuwa tumeshamaliza kupiga picha. La thelathini: mwavuli.

Nimemsomea Serwaa. Kasema mwavuli ulikuwa wa Sintim, na mimi ndiye niliyeupoteza. Kasema na lile la mbuzi pia nilifanya mimi. Na la ngazi. Nimefuta matatu kwa moyo mzito. Yamebaki thelathini na nane, si haba.

Jumanne, 13 Oktoba

Makosa ya zamani yameoza. Nimewaza usiku kucha nikaona ninahitaji kosa jipya, lenye mashahidi.

Mpango: saa kumi na mbili asubuhi nimepanga viti themanini mbele ya mlango wa duka la Sintim, mpaka mlango haufunguki. Atakuja, atapandwa na hasira, atavirusha viti barabarani. Nami nitajitokeza na kusema, kwa upole, nimekusamehe. Nikajificha nyuma ya kibanda cha mama muuza kenke, yale madonge ya unga wa mahindi. Mama akataka kujua nanunua au najificha. Nimenunua mbili, nikaendelea kujificha.

Sintim kaja. Kasimama. Kakuna kichwa. Kisha kachukua kitambaa, kavifuta viti vyote themanini, kavibeba kumi kumi mpaka getini kwangu, kavifunga kamba visiangushwe na upepo. Kamwambia Serwaa kimoja kilikuwa na mguu umelegea, kautengeneza.

Mshenzi! Mbele ya muuza kenke na wateja wake sita! Wote wakasema ana moyo wa dhahabu. Nimekikalia kile kiti. Kweli hakiyumbi. Nimekasirika mpaka nikahamia kingine.

Jumatano, 14 Oktoba

Jioni kulikuwa na mafunzo ya Biblia. Nikanyoosha mkono, nikasema nina neno la kusamehe. Mchungaji akafurahi. Nikatoa daftari.

Nimesoma yote thelathini na nane, na baada ya kila moja nikasema "nimemsamehe", kwa besi. Kwenye kikombe watu walitazamana. Kwenye suruali walicheka mpaka mtoto akaamka. Nilipofika la ishirini mchungaji aliketi. Nilipomaliza nilikuwa natokwa jasho na utakatifu.

Sintim akainuka. Machozi yanamlengalenga, sijui anayatoa wapi. Kasema mengi kati ya hayo alishayasahau, anamshukuru ndugu Boadu kwa kumkumbusha, anaomba radhi kwa yote. Na kasema ananisamehe kwa kuishi miaka arobaini na mzigo mzito hivyo kifuani.

Leso nyeupe! Haleluya! Mchungaji kakohoa, kasema taratibu kwamba upendo hauna daftari. Wote wakalitazama daftari langu. Nikalikalia.

Thelathini na nane kwa mbili, na bado anaongoza yeye. Hesabu za kanisani sizielewi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Siku ya aibu. Naandika mlango ukiwa umefungwa.

Kwetu mkosaji haendi mwenyewe kuomba radhi. Hutuma mtu mzima alfajiri, kabla watu hawajapiga mswaki. Mjumbe anapewa maji, anaulizwa kilichomleta, ndipo anasema. Nikawaza: Sintim atume mjumbe kwangu! Akituma tu, mji mzima utajua mkosaji ni nani. Tatizo ni kumtia wazo hilo kichwani. Basi jana usiku, baada ya mafunzo, nikaenda kwa Bibi Konadu, mkubwa wetu kanisani, miaka tisini na bado anatunga uzi kwenye sindano. Nikamwomba aende kwa Sintim alfajiri amnong'oneze kwamba Boadu yuko tayari kupokea mjumbe.

Bibi akaniuliza mimi nimelelewa wapi, yeye na umri wake aingie nyumba ya watu mikono mitupu? Nikaona ana haki. Nikampa kreti ya soda. Wengine hupeleka pombe kali, sisi wa kanisa hupeleka soda.

Nilikuwa bado na povu la mswaki mdomoni majirani walipoanza kunipongeza. Umefanya kiume, Boadu! Hatimaye umejishusha! Muuza kenke kanipungia mkono wote. Nikauliza kuna nini. Wakasema si umetuma mjumbe kwa Sintim ukiomba radhi?

Nikashika kichwa. Mtu mzima, alfajiri, na kinywaji juu! Hata mtoto wa chekechea anajua maana yake: aliyetuma amekiri kosa. Nimehudhuria shughuli kama hizo zaidi ya mia, nimezikodishia viti, na sikukumbuka! Nikakimbilia kwa Bibi Konadu. Kaapa ujumbe aliufikisha neno kwa neno. Lakini kasema kreti ikishatua chini nani anasikiliza maneno, watu walikuwa wameshaanza kufungua chupa.

Sintim kajibu kwamba alishanisamehe Jumamosi na Jumatano, lakini mara ya tatu haidhuru. Mchana karudisha chupa tupu, zimeoshwa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Nimebaki na siku moja. Kesho anazikwa Mzee Frempong mwenyewe, mwenye kiti. Kanisa zima litakuwepo.

Wanawake hawana habari na vita hivi. Serwaa na Dufie, mke wa Sintim, bado wanatwanga fufu pamoja kila jioni kwenye kinu kimoja. Dufie anatwanga, Serwaa anageuza. Nimemuuliza Serwaa anawezaje kutia mkono kinuni chini ya mchi wa adui. Kasema huo ndio mkono anaouamini kuliko yote mjini, na kama sitaki fufu ya adui niseme. Nimekula kwa tahadhari. Nikaongeza mara moja.

Mpango wa mwisho. Turubai langu namba nne lina tundu juu, upana wa sufuria. Halitoki stoo tangu mwaka juzi. Kesho nalitundika juu ya mitambo ya Sintim. Wiki hii mvua inanyesha kila alasiri. Itadondoka kidogo kwenye mitambo yake, kidogo tu! Atanitukana mbele ya mchungaji, matusi ya kweli, yale ya utotoni. Nami nitasimama, nitafuta uso, nitasema: ndugu yangu, nimekusamehe. Kiti changu. Feni yangu.

Serwaa kaniona nikitoa namba nne. Kauliza la nini. Nimesema ni kwa ajili ya hewa.

Jumamosi, 17 Oktoba

Goti limevimba. Kiwiko cha Sintim pia. Niandike yote.

Saa nane wingu lilikuwa jeusi tii. Niliomba mvua, nikaletewa na upepo. Kwaya ilikuwa kwenye ubeti wa pili turubai la kwanza liliponyanyuka. La pili likafuata. Yote saba mazuri yakaruka, mfano wa kuku waliotupiwa jiwe! Moja tu likabaki limesimama wima, halitikisiki. Namba nne. Upepo ulipita tunduni ukaenda zake.

Mimi nilikuwa nimedandia kamba ya turubai kubwa, lile la familia ya marehemu, linaniburuta. Nikapiga yowe. Watu wote wakakimbilia chini ya namba nne. Mmoja tu akakimbilia kwangu. Sintim! Kaacha mitambo yake, kaacha maiki, karuka kashika kamba nyuma yangu. Turubai likatuburuta wote wawili kuvuka uwanja mpaka ndani ya shamba la mihogo la shule. Hapo likachoka.

Nyuma yetu tukasikia spika ikikohoa mara moja. Halafu kimya. Maji yalikuwa yameingia tunduni moja kwa moja kwenye mtambo mkubwa, ule anaoufunika kwa blanketi lake la kulalia.

Tukabaki tumekaa kwenye matope. Kitu cha kwanza alichosema Sintim ni kuniuliza kama nimeumia.

Niliona aibu. Sina neno jingine, naliandika hivyo hivyo. Nilikuwa nimeshaandaa uso wa kusamehe, sikujua niupeleke wapi. Nikamwambia. Nikasema Yaw, lile turubai nilijua lina tundu. Nimelitundika makusudi.

Akapangusa matope usoni, maji yanamtiririka puani. Nikawaza sasa anatukana. Na nikagundua sitaki anitukane, sitaki hata kile kiti. Nilitaka tu anyanyuke tukacheze drafti.

Akasema, bila kunitazama, kwamba hata yeye ana lake. Siku ile ya kwaya alichezea vitufe vya mtambo wake makusudi. Kapandisha huku, kashusha kule, mpaka besi yangu ikatoka kama mashine ya kusaga. Kwa nini? Kwa sababu soprano walikuwa wananisifu kila wiki, na miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumsifu mtu wa spika. Nilipokasirika kweli, akashindwa kukiri, akaona afadhali anisamehe mimi ili yaishe.

Nilicheka mpaka matope yakaingia mdomoni. Naye akacheka. Tukashikana mabega tukicheka, wazee wawili na mihogo yetu. Ilikuwa saa nzuri kuliko zote mwaka huu.

Kisha nikashtuka. Kumbe nina kosa! Kosa la kweli, zima, amelikiri kwa mdomo wake! Nikapaza sauti: "Nimekusamehe!" Na yeye, sekunde ileile: "Nimekusamehe!" Nikasema nimeanza mimi. Akasema ameanza yeye. Bibi Konadu akapaza sauti kutoka chini ya namba nne akiuliza nani tena amekufa huko.

Jumapili, 18 Oktoba

Tumemwambia mchungaji yote kabla ya ibada. Kafunika uso kwa mikono. Mabega yalikuwa yanamtikisika, nadhani alikuwa analia.

Wakati wa uchaguzi nikasimama kwanza, maana nilikuwa nimekaa ukingoni kwa makusudi. Nikasema sistahili, mchagueni ndugu Sintim. Sintim akasimama, akasema yeye ndiye asiyestahili, mchagueni Boadu. Nikaona hila yake. Anataka kunizidi kwa kujishusha! Nikasema katika kanisa hili hakuna mtu asiyestahili kuliko mimi, ulizeni yeyote. Mtu wa nyuma akasema ni kweli. Sintim akasema tundu la turubai ni dogo, dhambi yake ya vitufe ni kubwa. Nikasema tundu lina upana wa sufuria! Akasema sufuria ndogo. Tukaenda hivyo nusu saa. Watoto walilala.

Bibi Konadu akaitisha fimbo yake, akasimama. Kasema mji mzima umehangaika wiki nzima na wanaume wawili wanaosameheana kama watu wanaorushiana mawe. Na wiki hiyohiyo wake zao wametwanga kwenye kinu kimoja kila jioni, hakuna aliyeumia kidole, hakuna aliyetangaza kwa spika. Kasema yeye anampendekeza Serwaa, na kama kuna mwenye pingamizi amletee kreti ya soda alfajiri.

Leso nyeupe mpaka dari halionekani! Serwaa kachaguliwa. Dufie kampigia vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mke wangu sasa anakaa safu ya mbele, kushoto, chini ya feni. Kutoka nilipo naona ncha za kilemba chake zikipepea. Nimefurahi kwa ajili yake, kwa kweli. Huku nyuma ni joto.

Jumatatu, 19 Oktoba

Asubuhi tumepeleka mtambo kwa fundi. Nimeubeba mimi kichwani, njia nzima, goti bovu na yote. Sintim alitembea mbele akinionyesha mashimo. Fundi kasema utapona, Ijumaa tuuchukue.

Jioni, drafti! Ubao uleule, nje ya duka lilelile. Wapita njia wakasimama wakashangilia. Karibu nilie, nikasingizia vumbi. Sintim akanitania kwamba mkono wangu wa kushoto umenifundisha vibaya. Nikamwambia aweke kete aache mdomo.

Nimeshinda.

Nimeshinda haraka sana. Nimerudi nyumbani nikapanga kete upya, nikacheza mchezo mzima tangu mwanzo, na nimeona. Kwenye hatua ya tisa alikuwa na kingi wazi, ananila tatu kwa mpigo! Hata kipofu angeona. Alitazama pale, akanitazama mimi, akasogeza kete nyingine huku anatabasamu. Lile tabasamu la unyenyekevu!

Kaniachia nishinde. Kanihurumia! Mimi!

Serwaa kasema mzee wa kanisa anashauri nilale. Sitalala. Nimefungua daftari jipya. La kwanza: drafti, 19 Oktoba.

Nitamsamehe, bila shaka, sisi si watu wa kinyongo. Lakini si leo, na si hapa chumbani ambapo hakuna anayesikia. Jumamosi kuna msiba mkubwa, viti vyote mia tatu vimechukuliwa, na spika itakuwa imepona.